Pakiti Mbili Katika Kikombe Kimoja

Asubuhi hiyo Upepo aliamka bila kuitwa, jambo lililokuwa nadra sana. Siku nyingine mama yake ilimbidi amvute shuka na kumwambia maneno makali ndipo anyanyuke. Leo alijiamsha mwenyewe, akakinga maji bombani akajaza ndoo zote, akafagia vyumba vyao viwili, kisha akaketi kizingitini na kuanza kusugua viatu vyake vya kukimbilia.

Upepo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi wenzake ndio waliomwita hivyo tangu alipowaacha wavulana wote nyuma kwenye mbio za darasa la nne. Jina lilimganda, hata mama yake akalizoea. Leo ilikuwa siku ya mashindano ya shule za eneo lao, na Upepo ndiye aliyechaguliwa kupokea kijiti cha mwisho katika mbio za kupokezana. Alikuwa amelisubiri jambo hili muhula mzima.

"Hicho kiatu utakisugua mpaka kitoboke," kaka yake alimtania akimpita mlangoni. Alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, na hakupita penye kioo bila kujitazama. "Mimi natangulia uwanjani. Nitakupigia makofi, ukianguka nitacheka."

"Utacheka wewe! Labda ucheke na hao watakaobaki nyuma yangu."

Kaka aliondoka akipiga mluzi. Mara mama akatoka ndani akiwa amemweka begani mtoto wake wa mwisho. Watu wa nyumba ile walimwita Bonge kwa ajili ya mashavu yake, lakini asubuhi hiyo mashavu yalikuwa yamelegea. Tangu jana tumbo lilikuwa linamwendesha. Mama alikuwa amempeleka kituo cha afya, akapewa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji.

"Upepo, vua hivyo viatu," mama alisema. "Leo utabaki na mdogo wako."

Upepo alidhani hakusikia vizuri. "Mama, leo ni mashindano!"

"Najua. Lakini kiwandani wameniita. Mwenzangu wa zamu ameugua, na mikate haijiweki yenyewe kwenye tanuri. Nifanyeje?"

"Kaka je? Kaka hakimbii popote. Anakwenda kutazama tu!"

"Kaka yako ni mvulana, hajui kulea mtoto mgonjwa."

"Na mimi nani alinifundisha? Si uliniambia tu shika, nikashika?"

"Usinijibu hivyo!" Mama alimwekea Bonge mapajani. Alikuwa amechelewa, na mtu aliyechelewa hana subira. Akachukua chupa iliyokuwa juu ya meza. "Nisikilize. Chupa hii ni ya lita moja. Ijaze maji yaliyochemshwa, weka pakiti moja, moja tu, tikisa, halafu umnyweshe kidogo kidogo kila akiharisha. Umenisikia?"

"Ndiyo," Upepo alijibu, lakini masikio yake yalikuwa uwanjani. Mama alifunga aproni yake nyeupe ndani ya mfuko akaondoka mbiombio.

Upepo alibaki amefura. Aliosha vyombo kwa kuvibamiza, akafunga mlango kwa kuubamiza, akaona hata ufagio umemkosea. Bonge alipoharisha tena alimbeba hadi kwenye beseni huku amekunja uso, akamwosha kwa mikono isiyo na huruma.

"Maji," Bonge alisema.

"Subiri! Kwani mimi nina mikono mingapi?"

Wakati huo akasikia vicheko barabarani. Wakimbiaji wenzake walikuwa wanapita kuelekea shuleni. Mmoja wao, nahodha wa timu, alichungulia mlangoni.

"Upepo! Mbona hujavaa? Basi linaondoka sasa hivi."

"Nimeachiwa mtoto."

"Sasa kijiti cha mwisho atashika nani? Hebu fanya ufanyavyo. Tutamwomba mwalimu asubiri kidogo, lakini kidogo tu."

Nahodha akakimbia kuwafuata wengine. Upepo alisimama katikati ya chumba. Akaitazama chupa ya lita moja. Bonge angeimaliza lini chupa yote hiyo, kidogo kidogo? Angeimaliza jioni, mashindano yakiwa yamekwisha na watu wamerudi makwao. Akawaza kwamba ikiwa pakiti moja kwenye maji mengi huponya taratibu, basi pakiti mbili kwenye maji machache zitaponya upesi. Bonge atapona au atalala, kisha atamwachia jirani, naye atakimbia kulifukuzia basi.

Alichukua kikombe cha bati, akakijaza maji, akamimina pakiti ya kwanza, halafu ya pili, akakoroga.

"Kunywa."

Bonge alikuwa na kiu, akapiga mafunda mawili. Kisha uso ukamkunjamana. "Chumvi!"

"Ni dawa. Kunywa yote."

"Sitaki! Nataka maji!"

"Kunywa nimesema!" Upepo alipaza sauti mpaka mtoto akashtuka. Akamshika kidevu, akamnywesha mpaka kikombe kikabaki kitupu. Bonge alikohoa na kulia, machozi kidogo sana yakitoka. Baada ya muda mfupi akaharisha tena, safari hii maji matupu. Upepo alizidi kukasirika, kana kwamba mtoto alifanya kusudi. Akachanganya kikombe kingine vilevile. Bonge alipoomba maji alimjibu, "Ukimaliza dawa."

Basi la shule lilipiga honi mbali barabarani, mlio wake ukafifia. Upepo aliketi sakafuni akalia kwa hasira. Alimlilia mama yake, akamlilia kaka yake, akakililia kijiti ambacho sasa mkono mwingine ungekishika. Alilia mpaka akachoka, ndipo alipogundua kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa analia.

Bonge alikuwa amelala chali kwenye mkeka. Midomo ilikuwa imemkauka ikapasuka. Macho yalikuwa wazi lakini hayamtazami mtu. Upepo alipomgusa, mtoto alitoa kilio chembamba ambacho Upepo hakuwahi kukisikia, kisha mkono wake ukatetemeka wenyewe.

"Bonge! Bonge wee!"

Alitoka mbio hadi kwa jirani, fundi cherehani ambaye watoto wote wa uani walimwita shangazi. Yule mama hakuuliza maswali mengi. Aliacha nguo ya mteja ikining'inia kwenye sindano, akamfunga Bonge mgongoni kwa kanga, akamtuma kijana wa duka la jirani akampashe mama habari kiwandani. Kisha wakashika njia ya kituo cha afya, Upepo akikimbia mbele kuwaomba watu wawapishe.

Daktari wa kituo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alimtazama Bonge mara moja tu, akamwita nesi, wakamlaza kitandani. Alimvuta ngozi ya tumbo, akaangalia ulimi, akamulika macho. Kadiri alivyozidi kumpima ndivyo alivyozidi kukunja uso.

"Nani alikuwa na mtoto?"

"Mimi," Upepo alisema.

"Alikunywa zile chumvi tulizompa jana?"

"Alikunywa."

"Ulichanganyaje?"

Upepo alitazama pembeni. "Pakiti moja kwa lita moja. Kama mama alivyosema."

"Ajabu," daktari alisema. "Mtoto aliyekunywa vizuri asingekuwa na kiu ya namna hii, wala asingetetemeka. Kuna kitu hakijakaa sawa hapa." Akamgeukia nesi. "Toa damu, ipelekwe hospitali kubwa wapime chumvi. Hapa hatuna kipimo hicho, majibu yatarudi jioni. Na mimi siwezi kukaa mpaka jioni bila kufanya kitu."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama aliingia na aproni yake, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alimwona mwanawe, akamwona nesi, na hasira yote ikamwangukia nesi.

"Ni wewe! Wewe ndiye uliyenipa zile pakiti jana! Mmempa mwanangu dawa mbovu!"

"Mama, pakiti ni nzima, tunawapa watoto kila siku," nesi alijitetea.

"Nzima gani? Jana alikuwa anakaa na kucheza, leo hanijui! Nitakwenda kwa wakubwa wako. Huwezi kufanya kazi hapa tena, nakuapia!"

Nesi alikuwa msichana mdogo, pengine ndiyo kwanza ametoka chuoni. Machozi yalimlenga. Aliinama na bomba la sindano kuutafuta mshipa katika mkono mdogo wa Bonge. Fundi cherehani alijaribu kumshika mama bega, mama akamsukuma.

Upepo alikuwa amejibanza ukutani. Asubuhi nzima aliona kwamba ameonewa, na alikuwa ameiona hasira yake kuwa ni haki yake. Sasa alimwona mtu mwingine akionewa mbele ya macho yake, na aliyesababisha ni yeye. Alijua akisema kweli, moto wote ule utahamia kwake.

"Nisikilizeni!" Daktari alipiga meza kofi, chumba kikanyamaza. "Mtoto huyu amekauka. Kama amekauka kwa kukosa maji tu, nitamwongezea maji haraka, sasa hivi. Lakini kama amekauka kwa kuzidishiwa chumvi, nikimpa maji haraka ubongo wake unaweza kuvimba. Ni tiba mbili tofauti. Nahitaji kujua amekunywa nini, na nahitaji kujua sasa."

"Ni mimi," Upepo alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia.

"Niliweka pakiti mbili kwenye kikombe. Kikombe cha bati. Nikampa viwili. Akaomba maji, nikamnyima." Alianza kulia. "Nilitaka apone upesi ili niende kukimbia. Pakiti si mbovu. Nesi hana kosa."

Mama aliinua mkono. Upepo alifumba macho kulisubiri kofi, lakini halikufika. Daktari alikuwa ameushika mkono ule hewani.

"Mama, mwache," alisema kwa ukali. "Huyu ndiye aliyenipa jibu ambalo ningelisubiri mpaka jioni. Nesi, dripu iende polepole. Tone kwa tone, usiifungulie. Akiweza kumeza, tutampa maji kwa kijiko."

Kazi ikaanza. Upepo alitazama matone yakidondoka ndani ya kichupa kidogo cha dripu, moja, kimya, halafu jingine. Aliona yanachelewa mno. Hatimaye akashindwa kuvumilia.

"Daktari, kwa nini usimpe maji mengi? Ana kiu!"

"Bado una haraka?" Daktari aligeuka akamkazia macho. "Haraka ndiyo iliyotuleta hapa. Uko darasa la ngapi?"

"La saba."

"Hamjafundishwa habari za seli?"

Upepo aliinamisha kichwa. Walifundishwa. Wiki iliyopita tu mwalimu wa sayansi aliwapa vipande vya viazi vibichi. Vingine waliviweka kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Kesho yake vya maji matupu vilikuwa vigumu, vimejaa, na vya maji ya chumvi vimenywea, vinapindika kama mpira. Upepo alinakili jibu la jirani yake kisha akatoka kwenda mazoezini.

"Viazi," alisema. "Vya kwenye chumvi vililegea."

"Kwa nini vililegea?"

"Sijui. Niliandika tu."

"Basi leo utajua." Daktari alivuta kigoda akaketi, jicho lake likiwa kwa Bonge. Sauti yake bado ilikuwa kali, lakini hakuharakisha maneno. "Mwili wa mdogo wako umejengwa kwa seli, vijumba vidogo ambavyo macho hayavioni. Kila kijumba kimezungukwa na utando mwembamba. Utando huo haupitishi kila kitu. Maji hupita kwa urahisi. Chumvi haipiti ovyo ovyo, mpaka ifunguliwe mlango wake. Sasa chumvi ikijazana nje ya seli na kushindwa kuingia, maji yaliyo ndani hutoka kuifuata. Seli inanywea. Ndivyo viazi vyenu vilivyolegea."

"Na Bonge?"

"Wewe ulimjaza chumvi tumboni, maji ya mwilini mwake yakavutwa kuingia kwenye utumbo, akaharisha zaidi. Na ile chumvi iliyofika kwenye damu ikayavuta maji kutoka kwenye seli zake, na za ubongo pia. Ndiyo maana alikuwa anatetemeka. Maji tunayompa sasa yatarudi ndani ya zile seli. Yakirudi kwa fujo, zitavimba, na fuvu la kichwa halitanuki. Kwa hiyo tunakwenda polepole, hata kama roho inatuuma."

Mama, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, aliuliza kwa sauti iliyokwaruza, "Sasa kama chumvi ni mbaya hivyo, kwa nini mnatupa?"

"Si mbaya, mama. Utumbo wa mtoto anayeharisha huwa unashindwa kuyashika maji matupu. Lakini kwenye seli za utumbo kuna mlango unaofunguka pale chumvi na sukari zinapofika pamoja. Zinaingia zimeshikana mikono, na maji yanazifuata nyuma. Kipimo kikiwa sawa, maji yanaingia mwilini. Kipimo kikizidi, yanatoka. Pakiti ni ileile. Tofauti ni lita moja ya maji."

Mama alijifuta unga usoni kwa ncha ya aproni. Kisha aliinuka akamwendea nesi aliyekuwa anapanga vifaa dirishani.

"Binti yangu, nimekutukana bure," alisema. "Nisamehe."

Nesi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado amenuna, na alikuwa na haki ya kununa.

Mchana ulisogea, jioni ikaingia. Majibu ya damu yalirudi, yakathibitisha kwamba chumvi ilikuwa imezidi. Mikono ya Bonge ilikuwa imeacha kutetemeka, lakini usingizi wake bado ulikuwa mzito, na daktari hakutaka kuwatia moyo mapema. Jua lilipokaribia kuzama kaka alifika mbio, jasho likimtoka.

"Nimekuta nyumba imefungwa! Bonge ana nini? Upepo, mbona hukuja? Timu yenu imekuwa ya mwisho, kijiti kilianguka!"

Upepo alihisi damu ikimpanda kichwani upya. "Kilianguka kwa sababu mimi nilikuwa naosha kinyesi, na wewe ulikuwa unapiga makofi! Mimi ndiye niliyeharibu, sikatai. Lakini mbona hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe kama unaweza kubaki?"

Kaka alimtazama mama. Upepo alitegemea mama atamkemea kwa kupayuka mbele ya wagonjwa, lakini mama alikuwa anaitazama sakafu.

"Anasema kweli," mama alisema taratibu. "Nilimwacha mtoto mgonjwa na mtu aliyekuwa anachemka kwa hasira, na hasira hiyo niliiwasha mimi. Kijana, njoo hapa. Shika hiki kijiko."

"Mimi? Mama, mimi sijui..."

"Utajua leo. Akiamka, kijiko kimoja cha maji, unasubiri, kingine. Ukimwaga nakuona."

Kaka aliketi, amekishika kijiko kana kwamba ni kitu cha kuazima. Fundi cherehani alicheka kidogo, kicheko cha kwanza kusikika chumbani mle, akaaga akaenda kumalizia nguo ya mteja.

Bonge aliamka kesho yake asubuhi. Alimtazama mama yake, akamtazama kaka yake aliyesinzia na kijiko mkononi, akasema, "Maji." Daktari alipoinama kumpima, mtoto akakojoa, tena kojo la nguvu, likalowesha mkono wa koti lake jeupe.

"Yesu na Maria!" nesi aliruka nyuma.

"Acha akojoe!" Daktari alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu walipomfahamu. "Figo zinafanya kazi. Hii ndiyo habari njema niliyokuwa naisubiri."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Upepo alikwenda kando ya kitanda, akamshika mdogo wake mguu. Bonge alimwangalia kwa wasiwasi.

"Hakuna chumvi," Upepo alimwambia. "Ni maji tu."

Siku walipotoka, daktari alimpa Upepo pakiti mpya na chupa tupu ya lita moja, akamwamuru achanganye mbele yake. Upepo alijaza maji mpaka kwenye alama, akaweka pakiti moja, akatikisa hadi chembe zote zikayeyuka. Kisha akaonja. Ilikuwa na chumvi kidogo tu, kama machozi.

"Vizuri," daktari alisema. "Sasa nisikilize, na mama yako asikilize pia. Sikuambii usikasirike. Ulionewa, na aliyeonewa ana haki ya kukasirika na kusema. Lakini ungemwambia mama yako au kaka yako, wao ndio wenye masikio ya kukusikia. Wewe hasira yako ulimnywesha mtoto ambaye hakukukosea kitu. Na nilipokuuliza mara ya kwanza, ulinidanganya. Kama ungeendelea na uongo wako mpaka jioni, leo mngetoka hapa bila mtoto."

Upepo alisimama wima, macho hayakukwepa. "Nimesikia, daktari."

"Umesikia kwa masikio gani? Yale ya siku ile au ya leo?"

"Ya leo."

"Basi nenda. Na ukifika shuleni, mwombe mwalimu wako kipande kingine cha kiazi."